Mtoto Yuko kwa Nani? Ulinzi wa Watoto Wadogo Wakati wa Sikukuu

Katika sura ya pili ya Injili ya Luka ziko habari mbili za utoto wa Yesu. Ya kwanza tunaisoma kila Krismasi, na watoto wetu wa Shule ya Jumapili wanaweza kuisimulia bila kitabu: mtoto amezaliwa, amefungwa vitambaa, amelazwa horini. Ya pili hatuikumbuki sana. Yesu ana miaka 12, naye amepotea.

Tuangalie alipotea lini. Alipotea wakati wa sikukuu. Yusufu na Mariamu walikuwa wamepanda kwenda Yerusalemu kwa Pasaka kama walivyofanya kila mwaka. Sikukuu ikaisha, watu wakafunga mizigo, msafara ukaanza kurudi Galilaya. Wakaenda mwendo wa siku nzima kabla ya kugundua kwamba mtoto hayumo. Luka anataja sababu waziwazi: wazazi walidhani yumo miongoni mwa wasafiri. Msafara ulikuwa wa ndugu na majirani, watu wema wanaofahamiana, na kila mmoja aliamini kwamba mtoto yuko na mwingine.

Miaka kadhaa iliyopita, tukihudumu katika usharika mmoja wa huku milimani, tuliitwa nyumbani kwa msharika siku iliyofuata Krismasi. Nyumba ilikuwa na wageni zaidi ya ishirini waliotoka Mbeya, Dar es Salaam na Kyela. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu alikuwa amekutwa ameinamia ndani ya ndoo iliyokinga maji ya mvua chini ya bati. Maji hayakufika hata nusu ya ndoo. Mama alidhani mtoto yuko na shangazi. Shangazi alidhani amechukuliwa na bibi. Bibi alidhani amelazwa chumbani. Dada yake wa miaka tisa, ambaye siku zote ndiye aliyembeba, alikuwa ametumwa dukani.

Katika nyumba ile hapakuwa na mtu asiyempenda mtoto yule. Tulimzika kesho yake, mvua ikinyesha. Tulipokuwa tukirudi tulikumbuka matangazo tuliyosoma Jumapili ya mwisho ya Majilio. Tulitangaza zamu za kwaya, saa ya ibada ya mkesha, usafi wa kanisa na sadaka ya Krismasi. Kuhusu watoto wadogo hatukutangaza neno lolote. Tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza Kanisa limesema nini, katika historia yake ndefu, juu ya ulinzi wa mtoto wakati wa furaha. Tumekuta kwamba limesema mengi, na kwamba sisi tulikuwa tumesahau.

Nyumba za wazee wetu

Tuanzie hapa nyumbani. Mwaka 1891 wamisionari wa makundi mawili walifika katika nchi hii ya Konde. Wamoraviani, wakiongozwa na Theodor Meyer, walijenga Rungwe. Wamisionari wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, walijenga kituo chao cha kwanza walichokiita Wangemannshöhe, kisha wakaendelea Manow, Mwakaleli na kwingineko. Makundi hayo yaligawana eneo, Wamoraviani upande wa magharibi na watu wa Berlin upande wa mashariki, na ndiyo sababu mpaka leo sisi Walutheri wa Dayosisi ya Konde na ndugu zetu Wamoraviani tunaishi bega kwa bega katika wilaya hii.

Hawakukuta nchi tupu isiyojua kulea. Msafiri Joseph Thomson, aliyepita huku mwaka 1879, alikwisha kuwasimulia watu wa Ulaya kuhusu uzuri wa vijiji vya migomba na usafi wa nyumba alizoziona. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa mila, Monica Wilson, pamoja na mumewe Godfrey, waliishi kati ya Wanyakyusa, na vitabu alivyoandika baadaye vinaonyesha jinsi malezi yalivyokuwa na utaratibu. Wavulana walipofika umri wa karibu miaka kumi walianza kulala katika kijiji cha rika lao. Mtoto mdogo alibaki kwa mama. Ilikuwa aibu kwa wazazi kupata mimba nyingine kabla mtoto aliyeko mgongoni hajapata nguvu. Kwa maneno mengine, kila umri ulikuwa na mahali pake na mtu wake.

Hatusemi kwamba mambo yote ya kale yalikuwa mema. Wilson anaeleza pia hofu kubwa iliyowazunguka mapacha, hata wao na wazazi wao wakatengwa kwa muda mpaka tambiko lifanyike. Injili ilipofundisha kwamba kila mtoto anayezaliwa, mmoja au wawili, ni zawadi ya Mungu, iliondoa mzigo mzito mabegani mwa akina mama wengi. Lakini katika jambo moja wazee wetu walitushinda: walijua mtoto yuko kwa nani. Moto uliwaka ndani ya nyumba kwa sababu ya baridi yetu, na mtoto alikuwa mgongoni, hakuachwa chini kando ya moto.

Leo vijiji vya marika havipo. Familia zimetawanyika, na mwezi wa Desemba ndio unaozikusanya. Tunafurahi, na ni haki yetu kufurahi. Lakini nyumba iliyozoea watu watano inapokea watu ishirini, ratiba ya kulala na kula inavurugika, na mtoto aliyekuwa na mlezi mmoja ghafla anakuwa na walezi ishirini. Waswahili walisema kwamba nahodha wengi, chombo huenda mrama.

Sikukuu waliyopewa watoto

Kanisa la kwanza lilizaliwa katika ulimwengu ambao mtoto mchanga hakuwa na usalama. Katika dola ya Roma baba aliweza kumkataa mtoto aliyezaliwa, naye akaachwa nje afe au aokotwe na wafanyabiashara wa watumwa. Wakristo walikataa desturi hiyo tangu mwanzo. Kitabu kidogo cha mafundisho kiitwacho Didake, ambacho ni miongoni mwa maandiko ya kale kabisa ya Kanisa baada ya Agano Jipya, kinakataza waziwazi kumwua mtoto mchanga. Jirani wa kipagani aliweza kuwatambua Wakristo kwa jambo hilo: hawatupi watoto.

Tunajua kwamba kufikia mwaka 336 Wakristo wa Roma walikuwa wakiadhimisha kuzaliwa kwa Kristo tarehe 25 Desemba. Haikuchukua muda mrefu, Kanisa la magharibi likaweka tarehe 28 Desemba kuwa ukumbusho wa watoto wa Bethlehemu waliouawa na Herode. Hebu tufikiri juu ya mpangilio huo. Siku tatu tu baada ya wimbo wa malaika, sahani za sikukuu hazijakauka, Kanisa linatutaka tukumbuke watoto wa miaka miwili na chini yake waliokufa. Mababa wa Kanisa walijua kwamba furaha yetu kwa ajili ya Mtoto mmoja haiwezi kutengwa na usalama wa watoto wengine.

Martin Luther naye alikuwa baba. Binti yake Elisabeth alifariki mwaka 1528 kabla hajatimiza mwaka mmoja, na Magdalena alifariki mwaka 1542 akiwa na miaka 13. Kati ya misiba hiyo miwili, mwaka 1535, ulichapishwa wimbo wake wa Krismasi alioutunga kwa ajili ya watoto, na Walutheri duniani kote wanauimba hadi leo. Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, anapofafanua amri ya tano, Luther anafundisha jambo ambalo kila msharika angepaswa kulikumbuka mwezi wa Desemba. Anasema kwamba amri ya kutoua haivunjwi na mwenye kisu tu. Inavunjwa pia na mtu aliyeweza kuzuia madhara yasimpate jirani yake, naye asizuie. Jirani aliye dhaifu kuliko wote ni yule asiyeweza hata kusema kwamba ameungua.

Watumishi wengine walifuata njia hiyo. Johann Friedrich Oberlin alikuwa mchungaji wa Kilutheri katika vijiji maskini vya milima ya Alsace, nchi ya baridi na ya wakulima, ambayo mtu wa Rungwe angeielewa upesi. Wazazi walikwenda mashambani na watoto wadogo wakabaki peke yao. Kuanzia karibu na mwaka 1770 Oberlin, akishirikiana na mkewe na wasichana wa vijiji vile, alianzisha vyumba ambamo watoto walikusanywa chini ya mlezi anayejulikana. Huko waliimba, walisikia hadithi na walijifunza kusuka sufu. Hapo ni pamoja na mahali shule za chekechea zilipoanzia.

Mchungaji mwingine kijana, Johann Hinrich Wichern, alifungua mwaka 1833 nyumba ya watoto maskini karibu na mji wa Hamburg. Watoto wale walimsumbua kila siku wakiuliza zimebaki siku ngapi kufika Krismasi. Basi mwaka 1839 alichukua gurudumu la mkokoteni, akaweka juu yake mishumaa mikubwa ya Jumapili nne za Majilio na midogo ya siku za katikati, ili wahesabu wenyewe. Mishumaa minne tunayowasha makanisani mwetu kila Majilio imetoka kwenye gurudumu lile. Iliwashwa kwanza kwa ajili ya watoto wasio na mtu, na aliyeiwasha alikuwa pale pamoja nao.

Wachungaji waliohesabu

Yako pia mafunzo kutoka Sweden, ambayo wakati huo ilitawala na Finland. Mwaka 1749 serikali ya huko iliwaagiza wachungaji wa Kilutheri wa kila usharika kujaza fomu za waliozaliwa na waliokufa, pamoja na sababu ya kifo. Ilikuwa miongoni mwa hesabu za kwanza za taifa zima duniani. Katika orodha ya sababu za vifo mlikuwa na safu ya watoto wachanga waliolaliwa kitandani na mama au mlezi wao. Kabla ya hapo, vifo vya namna hiyo vilikuwa siri ya kila nyumba: mama alilia, majirani wakanong'ona, mchungaji akazika. Vilipoandikwa na kujumlishwa, ilionekana kwamba ni msiba wa nchi nzima, na kwamba unaweza kupunguzwa.

Miaka michache baadaye, kuanzia mwaka 1753, daktari Nils Rosén von Rosenstein alianza kuandika ushauri wa afya ya watoto ndani ya kalenda ndogo za bei nafuu zilizosomwa na watu wa kawaida. Mwaka 1764 maandiko hayo yalikusanywa kuwa kitabu, nacho kikatafsiriwa katika lugha nyingi. Njia ilikuwa rahisi: waliohesabu vifo waliwafanya watu waone, na waliojua dawa waliandika katika karatasi ambayo tayari imo mikononi mwa watu.

Nasi tunavyo vitabu vya usharika. Tunaandika ubatizo, kipaimara, ndoa na maziko. Tukifungua kurasa za maziko na kutazama tarehe, tutaona mengi tuliyoyazika tukayasahau.

Tulipofika sisi Watanzania

Nchi yetu imepiga hatua ambayo tunapaswa kumshukuru Mungu kwayo. Mpango wa Taifa wa Chanjo ulianza mwaka 1975. Wako washarika wazee wanaokumbuka miaka ambayo surua ilipita kijijini na kuacha makaburi madogo nyuma yake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 1999 ulikadiria kwamba kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 147 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba idadi hiyo imeshuka hadi 43. Chanjo, vyandarua, wakunga na wauguzi wa zahanati zetu, pamoja na hospitali za makanisa kama ile ya Itete na ile ya Matema, wamefanya kazi ambayo babu zetu wangeiita muujiza.

Lakini chanjo haimzuii mtoto kuanguka ndani ya ndoo. Kadiri magonjwa yanavyorudi nyuma, ndivyo ajali za nyumbani na barabarani zinavyoonekana wazi zaidi, na sikukuu ni wakati wake.

Taifa lilifundishwa hilo kwa uchungu tarehe 1 Oktoba 2008. Ilikuwa Idi el-Fitri, na mjini Tabora watoto wengi walikusanywa katika ukumbi wa disko kusherehekea. Ukumbi ulijaa kupita kiasi, hewa ikapungua, wakakanyagana. Watoto wapatao 20 walipoteza maisha. Tangu hapo kila Idi na kila Krismasi polisi wa mikoa mbalimbali hutoa onyo dhidi ya kile kinachoitwa disko toto. Msiba ule uliwapata ndugu zetu Waislamu katika sikukuu yao, lakini haukuwa wa dini moja. Wazazi waliwaaga watoto wao waliovaa nguo mpya, wakiamini kwamba mahali penye watoto wengi namna ile lazima pana mtu mzima anayeangalia. Walidhani, kama Yusufu na Mariamu walivyodhani.

Desemba yetu ya Rungwe

Sasa tuitazame Desemba yetu wenyewe. Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi sana nchini. Mwezi huo kila nyumba ina ndoo, beseni na pipa chini ya bati, na vijito na mifereji imejaa. Mtoto anayeanza kutembea ana kichwa kizito kuliko miguu yake. Akiinama kutazama maji na kutumbukia, hawezi kujiinua, na hapigi kelele. Maji yanayofika kiwikoni mwa mtu mzima yanatosha kabisa kumwua. Basi ndoo zifunikwe, na zisizotumika zimwagwe na kupinduliwa.

Usiku kuna baridi, na wageni kutoka joto la Dar es Salaam huihisi zaidi. Wengine huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Mkaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu. Watu wakilala hawatajua, na mtoto ndiye hudhurika upesi. Mtoto afunikwe vizuri na avae soksi na kofia anapokuwa nje, lakini jiko libaki nje ya chumba cha kulala.

Vitanda navyo havitoshi. Mtoto mchanga hulazwa katikati ya watu wazima watatu waliochoka, na pengine mmoja wao amekunywa. Hapa ile safu ya fomu za mwaka 1749 inakuja mpaka Tukuyu. Mtoto mchanga alale chali, mahali pagumu kiasi na palipo wazi, bila mito na mablanketi mazito karibu na uso wake, na kamwe asilale na mtu aliyelewa.

Jikoni, sufuria za sikukuu ni kubwa kuliko za kila siku, na mara nyingi mafiga huwekwa uani kwa sababu jiko la ndani halitoshi. Watoto hucheza pale pale. Chora mstari ardhini, weka benchi au kamba, na mtoto asivuke. Chupa ya chai isiwekwe juu ya kitambaa cha meza kinachoning'inia. Mtoto akiungua, mwagiwe maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa muda wa dakika 20, kisha apelekwe kituo cha afya. Dawa ya meno, unga, mayai na mafuta visipakwe.

Wageni huja na mapenzi, na mapenzi yao huwa mdomoni mwa mtoto: karanga, pipi, soda, kipande cha nyama, hata tone la pombe ili watu wacheke. Mtoto aliye chini ya miezi sita anahitaji maziwa ya mama tu. Karanga nzima na pipi ngumu humkaba mtoto mdogo. Pombe ni sumu kwake. Mafuta ya taa yasiwekwe kamwe ndani ya chupa ya soda au ya maji. Mtoto akiyanywa, asitapishwe, apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe. Mama kijana anapata shida kumkatalia mjomba aliyetoka mbali. Wazee wa familia wamsaidie kwa kusema neno mapema. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Ipo pia barabara. Njia yetu kuu inayotoka Mbeya kupitia Kiwira na Tukuyu kuelekea Kyela na mpaka wa Malawi ina miteremko, kona na ukungu, na Desemba ina magari mengi ya watu wasioijua. Nyumba nyingi zinatazamana na lami. Bodaboda hubeba baba, mama na watoto wawili kwenda ibadani, mtoto mchanga akiwa amebanwa katikati. Ni afadhali kuchelewa ibada kuliko kufika namna hiyo. Na wanaoteremka Kyela au kurudi pwani, ambako malaria ni nyingi kuliko huku juu, wasisahau chandarua cha mtoto na kadi yake ya kliniki. Mtoto akiugua ugenini, kadi ile humsimulia muuguzi yale ambayo shangazi hayajui.

Kukabidhi na kupokea

Yote tuliyoyataja yanafaa, lakini hakuna hata moja litakalosimama pasipo jibu la swali la kichwa cha insha hii. Mtoto yuko kwa nani? Kifuniko cha ndoo kitaondolewa na mtu anayechota maji. Kamba ya jikoni itakatika. Kinachobaki ni macho ya mtu mmoja anayejua kwamba saa hii, mtoto huyu ni wake.

Maandiko yanatupa mfano. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya pili, mama yake Musa alimweka mtoto wake katika kisafina kando ya mto. Taifa zima la Israeli lilikuwa katika hatari, na bila shaka wengi walimhurumia. Lakini Maandiko yanamtaja mmoja aliyesimama kwa mbali ili ajue litakalompata mtoto, naye ni dada yake. Mtoto aliokoka kwa sababu palikuwa na mtu aliyepewa kazi ya kutazama, wala hakutumwa dukani.

Liturgia yetu nayo inafundisha hivyohivyo. Tunapombatiza mtoto, hatuulizi kwa ujumla kama wapo watakaomwangalia. Tunawaita wazazi na wasimamizi wasimame mbele, tunawauliza, nao wanajibu kwa sauti kila mtu akisikia. Mtoto anatajwa jina, na wanaomchukua wanajulikana. Usharika mzima unashiriki, lakini ahadi ina wenyewe.

Tunapendekeza basi tufanye nyumbani kile tunachofanya kwenye birika la ubatizo. Asubuhi ya sikukuu wenye nyumba wakae na wageni kwa dakika tano na kugawana zamu: mtoto huyu asubuhi yuko kwa fulani, mchana kwa fulani. Anayemaliza zamu asiondoke kimya. Amwite mwenzake na kusema, "Nakukabidhi mtoto," na mwenzake ajibu, "Nimempokea." Mpaka jibu hilo lisikike, mtoto bado ni wa yule wa kwanza. Aliye zamu asipike, asinywe pombe, asizame kwenye simu. Na awe mtu mzima au kijana aliyekomaa. Binti wa miaka tisa anaweza kusaidia, lakini asibebeshwe peke yake mzigo ambao, ukianguka, utamfuata maisha yake yote. Yule binti aliyetumwa dukani tulikaa naye mara nyingi baada ya maziko. Alikuwa akiuliza kwa nini alikwenda.

Usharika nao una sehemu yake. Katika mkesha wa Krismasi, wazee wa kanisa wapangwe mlangoni ili mtoto mdogo asitoke gizani peke yake. Mishumaa iwashwe mahali ambapo mikono midogo haifiki. Milango yote ifunguliwe watu wanapotoka, na watoto wasisukumwe kwenye msongamano. Umoja wa wanawake wapange chumba cha kunyonyeshea chenye mlezi anayejulikana. Na katika matangazo ya Jumapili ya nne ya Majilio, kabla ya zamu za kwaya, paanze tangazo la watoto. Sisi tumeanza kulisoma.

Malaika na Yusufu

Kila mwaka mwishoni mwa Septemba Kanisa letu huadhimisha Sikukuu ya Mikaeli na Watoto. Siku hiyo watoto hujaza madhabahu kwa nyimbo na ngonjera, nasi tunakumbuka maneno ya Bwana katika Mathayo 18 kwamba malaika wa wadogo hawa huutazama daima uso wa Baba aliye mbinguni. Ni faraja kubwa, na kwa wazazi walio na kaburi dogo nyuma ya nyumba ni faraja isiyo na mfano. Mtoto wao hakuondoka machoni pa Mungu hata dakika moja.

Lakini faraja hiyo isigeuzwe kuwa kisingizio. Katika Mathayo sura ya pili, Herode alipotaka kumwangamiza mtoto, malaika wa Bwana alikuja kwa Yusufu katika ndoto. Malaika yule alikuwa na uwezo wote, lakini hakumbeba mtoto. Alimwonya Yusufu kisha akamwachia kazi. Yusufu aliamka usiku uleule, hakungoja kupambazuke, akamchukua mtoto na mama yake, wakaondoka kwenda Misri.

Krismasi inakuja tena, na nyumba zetu zitajaa. Mungu atubariki kwa wageni, kwa chakula na kwa nyimbo. Nasi katikati ya furaha hiyo tuulizane mara kwa mara, bila aibu na bila kuchoka, mtoto yuko kwa nani, na tusiketi mpaka mtu mmoja ajibu kwamba yuko kwake.